Vigae vya Wifi

Mafundi wenzake walimwita Rula, kwa sababu kwenye sakafu aliyoipanga yeye ungeweka gololi katikati na gololi ikakaa palepale. Alikuwa fundi vigae tangu ujana. Kazi hiyo aliifanya amepiga magoti, kichwa chini, mgongo umepinda, akigonga kigae kwa nyundo ya mpira huku akisikiliza kama chini yake kuna uwazi. Mkewe alikuwa dobi katika hoteli, kwenye chumba cha chini ambako mashine za kufulia hazipumziki. Huko walimwita Mama Shuka. Mashuka ya vitanda vikubwa yakitoka mashineni yamelowa huwa mazito kama mtu aliyezimia, na yeye ndiye aliyeyabeba, akayakung'uta, akayapiga pasi na kuyakunja.

Maumivu ya Rula yalianza kama mzaha. Asubuhi alikuwa anainuka kitandani kwa awamu, kama mtu anayefungua kiti cha kukunja, na mkewe akawa anamtania.

"Kumbe nimeolewa na mzee, hakuna aliyeniambia."

"Ulikuwa umefumba macho kwa mapenzi," Rula alimjibu.

Lakini mzaha ulikwisha. Maumivu yalishuka kutoka kiunoni, yakapita kwenye tako, yakateremka na mguu mpaka kwenye kidole gumba, yakimchoma kama waya wa umeme. Alimeza vidonge, alipakwa dawa za kuchua, alichomwa sindano za mgongoni, akafundishwa mazoezi. Alikuwa akipata nafuu, kisha anarudi palepale. Siku moja akiwa kwenye bafu la mteja alishindwa kuinuka. Alibaki amepiga magoti na mikono chini, jasho likimdondoka juu ya vigae alivyovipanga mwenyewe. Wenzake walimlaza juu ya mlango mpya uliokuwa bado haujapachikwa, wakambeba hivyo mpaka barabarani.

Daktari bingwa aliwaonyesha picha za mgongo kwenye kioo chenye taa. Alikuwa mtu mpole, anayeeleza taratibu.

"Kati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo," alisema. "Huu wa juu bado una maji, unaona ulivyo mweupe. Huu wa chini umechakaa. Umekauka na kubaki bapa, pingili zimesogeleana, na mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni umebanwa. Tumejaribu dawa, tumejaribu sindano na mazoezi. Kilichobaki ni upasuaji. Tutautoa mto uliochakaa, tuweke kipande cha mfupa mahali pake, tukaze kwa skrubu. Mfupa ukishika, pingili mbili zitakuwa moja. Hapo hapatasagika tena."

"Nitapiga magoti tena?" Rula aliuliza.

"Ukifuata masharti, sioni kwa nini usipige."

Alipasuliwa. Siku iliyofuata muuguzi alimsimamisha kwa fremu ya kutembelea, na Rula, mtu aliyekuwa akipandisha mabegi ya saruji ghorofani, alitembea mpaka mlangoni akarudi analia. Mama Shuka alifundishwa namna ya kumuuguza. Mgonjwa akitaka kugeuka kitandani ageuke mzima kama gogo, asisokote kiuno. Asiiname. Asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai. Avae mkanda wa mgongo kila anapoinuka. Atembee kidogo kila siku, aongeze kidogo.

Nyumbani, Mama Shuka aliinua kitanda kwa matofali ili mumewe asishuke mbali. Alimwogesha, akamvalisha soksi, akamkata kucha za miguu. Kazini aliomba zamu ya alfajiri ili mchana awe nyumbani. Wale waliomwona wakati huo wanasema alikonda yeye kuliko mgonjwa.

Na Rula alikuwa mgonjwa mwema. Hakuwa mtu wa kununa. Alishukuru kwa kila kitu, hata kwa glasi ya maji. Zamani alikuwa akirudi jioni amechoka, anakula, analala, na maneno kati yao yalikuwa ya bili na mabomba yanayovuja. Sasa mkewe akimkanda miguu walizungumza. Walicheka habari za ujanani. Mama Shuka alimwambia dobi mwenzake kwamba huu ugonjwa, pamoja na shida zake zote, umemrudishia mume.

Mara za kwanza za kurudi kwa daktari walikwenda wote wawili. Baadaye wifi yake, dada yake Rula, alijitolea.

"Wifi, wewe una kazi ya watu," alisema. "Kila mara kuomba ruhusa, mwisho watakuchoka. Mimi nina nafasi. Niachie kaka yangu nimpeleke."

Mama Shuka alishukuru. Wifi huyo alikuwa mjane, mtu wa maneno matamu, na alikuwa akimalizia nyumba yake upande wa pili wa mji. Alimchukua Rula kwa teksi, akamrudisha na majibu.

"Daktari anasemaje?" Mama Shuka aliuliza.

Wifi alimtazama kaka yake kwanza. "Anasema mfupa haujashika vizuri. Avumilie."

Rula alikuwa ameshajilaza, uso umeelekea ukutani.

"Basi tutavumilia," Mama Shuka alisema.

"Kaka yangu ana bahati," wifi alisema huku akijitwalia kiti. "Wanawake kama wewe wamebaki wachache."

Sasa, Rula na mkewe walikuwa na binti mmoja tu, ameolewa mji wa mbali, na alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yake alikuwa amemwahidi tangu siku ya habari kwamba atakwenda kukaa naye, kabla na baada ya kujifungua. Begi lilikuwa juu ya kabati, na ndani yake vinguo vya mtoto alivyovishona mwenyewe kwa mabaki ya mashuka laini ya hotelini, yale yanayotupwa yakichanika. Tarehe iliposogea, binti alipiga simu.

"Mama, utaweza kuja?"

Mama Shuka alichungulia chumbani. Rula alikuwa anajaribu kuokota kitambaa kilichoanguka, ameshika ukingo wa kitanda, uso umekunjamana.

"Mwanangu, baba yako hata kitambaa hawezi kuokota. Nikiondoka, nani atamwogesha?"

"Shangazi je?"

"Shangazi yako ana mambo ya nyumba yake. Na baba yako anaona aibu kuogeshwa na dada yake."

"Sawa mama. Mwangalie baba."

Uchungu ulimshika binti mapema, mtoto amekaa vibaya, ikabidi apasuliwe. Mume wake alikuwa safarini kikazi. Jirani ndiye aliyempeleka hospitali. Mama Shuka aliisikia sauti ya mjukuu wake kwa simu akiwa amesimama katikati ya mashine mbili, ameziba sikio moja kwa kidole. Alicheka na kulia kwa pamoja. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na hapo kilio kikamzidi.

"Alikuwa peke yake," alisema. "Mtoto wangu kapasuliwa, hana hata mtu wa kumshika mkono."

Rula alinyoosha mkono akamshika bega. "Ningekuwa mzima," alisema, "ungekwenda."

Maneno hayo yalimfariji. Alimwona mumewe naye ameumia, akajifuta macho, akaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo mgongo wake mwenyewe ulipoanza kulalamika. Kwanza hakuutilia maanani. Mtu anayevuta mashuka yaliyolowa kazini kisha akamnyanyua mwanamume mzima nyumbani, atakosaje kuchoka? Lakini asubuhi moja, akiwa ameinamia mashine, alisikia kitu kimekaza kiunoni kama kamba iliyopigwa fundo, akashindwa kunyooka. Msimamizi wake alimwambia aache kila kitu aende hospitali. Daktari wa zamu alimpima, akamwambia ni misuli tu, si pingili, tena ana bahati, akamwandikia mazoezi.

Chumba cha mazoezi kilikuwa kilekile alimokuwa akimleta mumewe siku za mwanzo. Mtaalamu wa mazoezi, dada mmoja mchangamfu mwenye mikono yenye nguvu, alimtambua kabla hajakaa.

"Mama, leo umekuja mwenyewe? Na fundi wetu anaendeleaje kazini?"

"Kazini?" Mama Shuka alisema. "Yupo kitandani."

Yule dada alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona uso wa mgeni wake, kicheko kikakatika.

"Ameumia upya?"

"Sijui unazungumzia nini, mwanangu. Si mlisema mfupa haujashika?"

Mtaalamu aliweka chini mpira wa mazoezi aliokuwa ameushika. Akawa anachagua maneno. "Mama, habari za mgonjwa inafaa akueleze mwenyewe. Mimi nilijua unazijua, ndiyo maana nikauliza hivyo. Nisamehe. Nenda ukazungumze naye."

Lakini alikuwa ameshasema ya kutosha. Mama Shuka alifanya mazoezi aliyopewa, akalala chali, akainua goti moja na kulishusha, akainua la pili na kulishusha, na muda wote huo akiangalia dari. Alipotoka hakwenda nyumbani. Alijiambia kwamba pengine kuna kosa, pengine yule dada amemchanganya Rula na fundi mwingine. Wifi ndiye aliyekuwa akienda kwa daktari. Wifi angejua.

Hakuwa amefika kwa wifi kwa muda mrefu. Kila alipotaka kwenda aliambiwa asubiri, nyumba bado vumbi tupu, aje siku ya kuhamia rasmi. Siku hiyo mlango ulikuwa wazi. Wifi alikuwa nyuma anaanika nguo, na Mama Shuka alibisha hodi huku ameshavuka kizingiti.

Akasimama hapohapo.

Sakafu ya sebule ilikuwa imepangwa vigae vya rangi ya majivu. Mtu mwingine angeona sakafu nzuri tu. Yeye aliona mumewe. Mafundi wengi huanzia ukutani, ndiyo maana mlangoni huishia na vipande vilivyokatwa. Rula huanzia mlangoni na kigae kizima, ili jicho la mgeni likutane na kitu kamili, na vipande huvipeleka kule kabati litakakokaa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliingia bafuni. Pale maji yanapoishia sakafuni, vigae vilikatwa kwa mshazari pande nne, vikakutana kwenye tundu kama mikunjo ya bahasha. Ndivyo Rula alivyofanya bafuni kwao, mwaka waliohamia, naye akiwa amemshikia taa.

Akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea.

"Wifi!" Sauti ya mwenye nyumba ilitoka mlangoni. "Mbona hukunipigia simu?"

"Nani amekuwekea vigae?"

"Ah, fundi mmoja tu. Kuna kijana fulani..."

"Wifi. Mimi nimeishi na huyu fundi tangu hana mvi. Nani amekuwekea vigae?"

Wifi alivua khanga begani, akaikunja, akaikunjua. "Kaka yangu hakutaka ujue bado."

"Nijue nini?"

"Kwamba daktari amemruhusu. Mfupa umeshika, picha imeonyesha. Aliambiwa aanze kazi kidogo kidogo. Akaniambia, dada, nisitiri, sijawa tayari kurudi kwa mabosi. Mimi nikasema basi, kama ni kujaribu mwili, jaribia kwangu. Taratibu tu, wifi. Nilikuwa nampa na mto wa magotini."

"Ulikuwa unampa mto."

"Ndiyo."

"Na ukija kwangu unakunywa chai unaniambia wanawake kama mimi wamebaki wachache."

Wifi aliikunja tena ile khanga.

"Alianza lini?" Mama Shuka aliuliza. "Usinizungushe. Mjukuu wangu alikuwa amezaliwa, au bado?"

Wifi aliangalia chini, kwenye vile vigae. "Bado," alisema.

Mama Shuka aliinuka akiwa ameshika ukuta. Wifi alitaka kumsaidia, yeye akauondoa mkono wa wifi. Alitoka bila kuaga, na njia nzima alikuwa anapanga siku moja moja kichwani. Zile asubuhi alizomwacha amelala, amemwekea chai kwenye chupa karibu na kitanda. Ile harufu ya saruji aliyoisikia mara moja kwenye nywele zake, akadhani ni vumbi la jirani anayejenga. Kile kitambaa kilichoanguka, na ule uso uliokunjamana.

Alimkuta Rula kwenye kochi, mkanda wa mgongo umefungwa barabara.

"Umechelewa leo," alisema kwa upole. "Pole na kazi. Mguu huu umekufa ganzi, hebu nikande kidogo."

Mama Shuka alibaki amesimama. "Nimetoka kwa dada yako. Sakafu imetulia."

Rula akafanya jambo ambalo mkewe hakulisahau. Aliinuka. Hakushika mkono wa kochi, hakusubiri kuvutwa. Aliinuka kama mtu yeyote anavyoinuka, akasimama mbele yake, na ndipo alipotambua alichokifanya.

"Nilitaka kukwambia," alisema.

"Lini?"

"Kila siku."

"Kila siku nilikuwa hapa. Nilikuwa nakuogesha."

Rula alikaa tena. "Niliogopa, mke wangu. Hujui yale maumivu. Ukiwa umekwama sakafuni, watu wanakubeba juu ya mlango kama maiti, na mteja anachungulia. Daktari aliposema nirudi kazini nilihisi anairudisha ile siku. Nikasema nipumzike kidogo tena. Kisha kila nikitaka kusema, naona nimeshachelewa. Na..."

"Na nini?"

"Na ulikuwa mpole kwangu. Ulikuwa unakaa, tunazungumza. Nilijua nikipona tutarudi kule kwa zamani, mimi huku na wewe kule."

Pengine kwa mtu mwingine maneno hayo yangetosha. Mama Shuka aliyasikia, na aliona ni ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kumbe furaha yote aliyoihesabu kuwa yao wawili, mmoja wao alikuwa anajua imesimama juu ya nini.

"Ungeniambia unaogopa," alisema, "ningekaa na wewe hata kwenye hiyo hofu. Ningekukanda hata ukiwa mzima. Lakini hukuniachia nichague. Kwa dada yako ulipona. Kwangu ukaumwa."

"Dada alinibana..."

"Mwache dada yako, yeye nitajuana naye. Wewe niambie jambo moja. Siku mtoto anazaliwa, nimekaa hapo nalia, ukanishika bega ukasema ungekuwa mzima ningekwenda. Uliwezaje?"

Rula aliinamisha kichwa. Swali hilo hakulijibu siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Mama Shuka alichukua simu, akabonyeza namba ya binti yao, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi. "Mwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Rula alimwambia. Alijikongoja kwa maneno, akarudi nyuma, akaanza upya, lakini alimaliza. Upande wa pili ilisikika sauti ya mtoto mchanga akinyonya.

"Baba," binti alisema mwishowe, "mimi nilikuwa nakuombea. Nimelala na mshono wangu, nakuombea wewe." Kisha akasema, "Mama yupo hapo? Mama, sauti yako nayo imekuwaje?"

"Mgongo umenibana kidogo."

"Njoo."

Alikwenda. Alishusha begi kutoka juu ya kabati mwenyewe, akilivuta polepole kama alivyofundishwa, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka. Rula alisogea kumsaidia, mkewe akamtazama tu, naye Rula akarudi nyuma.

Alikaa kwa binti yake muda wote wa likizo na zaidi. Mtoto alikuwa ameshavipita vile vinguo alivyoshonewa, havikumwingia hata kichwani. Hakuweza kuinama kumchukua mjukuu kutoka kwenye godoro, hivyo binti alimwinua akampakata. Asubuhi alitandika mkeka akafanya mazoezi yake, na mtoto amelazwa pembeni anarusha miguu. Rula alipiga simu kila siku. Alisema amerudi kazini, ameanza na vigae vya ukutani ambavyo hupangwa umesimama. Mkewe alijibu "sawa" na "nimesikia." Wifi alituma ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Mama Shuka aliusoma mara moja, akaufuta.

"Utarudi kwake?" binti aliuliza wakati mmoja, akiwa anamkanda mama yake kiuno.

"Nitarudi nyumbani. Kule ni kwangu pia."

"Umemsamehe?"

"Bado."

Alirudi. Hotelini walikuwa wamemhamishia kwenye pasi, asinyanyue tena mizigo. Nyumbani alikuta kitanda kimeshushwa kutoka kwenye matofali. Rula alipika, alifua, alidamka kabla yake. Alizungumza sana, kuliko hata wakati wa ugonjwa, na mkewe alimsikiliza. Lakini akisema ametoka kazini, mkewe aliangalia viatu vyake kama vina vumbi. Hakupenda kujiona akifanya hivyo, ila macho yalikwenda yenyewe.

Siku ya Rula kurudi kwa daktari ilipofika, alimwomba mkewe waende wote. Waliketi mbele ya kile kioo chenye taa, na daktari akawaonyesha pingili mbili zilizoshikana, skrubu zimetulia, mfupa mweupe umejaa katikati. Alifurahi. Akamgeukia Mama Shuka.

"Mama, wewe ndiye unayekaa naye. Bado ana maumivu? Mazoezi anafanya?"

"Sijui, daktari," alisema. "Muulize mwenyewe."

Daktari aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Rula alikohoa kidogo, mikono magotini.

"Maumivu yapo kidogo nikichoka," alisema. "Mazoezi nayo, wiki hii sijafanya. Nimekuwa mvivu."

Walitoka pamoja mpaka kwenye korido. Rula alionekana anataka kusema kitu, labda kwamba amesema ukweli, labda apewe neno la kumtia moyo. Mkewe alimwambia atangulie nyumbani, yeye ana miadi yake. Akakata kona kuelekea chumba cha mazoezi, akitembea wima na taratibu, na hakumwambia atatoka saa ngapi.